Kofia Yako Kwenye Swichi ya Mauna

Mzee Wani,

Pole na safari. Sijui kama huko uliko watu huambiana pole, lakini mimi nimelelewa Kitale, na mama yangu alinifunza salamu kwanza, malalamiko baadaye. Basi salamu zimeisha. Nina malalamiko.

Umetuachia balaa, Mzee. Unajua ni balaa gani. Ile kofia yako ya bluu iliyopauka, yenye jasho la miaka yote uliyofanya kazi Arua na hapa, uliitundika kwenye mpini wa swichi ya umeme wa mtaa wa Mauna Jumatatu asubuhi, ukaondoka, halafu ukafa Jumatano. Ukafa! Na kofia ikabaki pale stesheni inatutazama. Sasa wewe niambie, sheria uliyotuwekea inasema nini juu ya jambo hilo? Haisemi kitu. Miaka minne umenipigia kelele kuhusu sheria hiyo, na hukuwahi kufikiria kwamba mwenye kofia anaweza kufa kwa malaria kitandani kama watu wengine.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza. Nilikuja na cheti changu cha Kenya ndani ya bahasha, Kiswahili changu kimenyooka, najiona fundi kamili. Wewe ulitazama cheti, ukakirudisha, ukanipeleka kwenye zile swichi. Ukanionyesha kofia tatu zinaning'inia kwenye mpini mmoja. Ukasema, "Kofia iko hapa, mutu iko juu ya nguzo. Kofia ya mutu ni mutu. Mikono ingine haigusi." Nikakusahihisha, eti ni "mikono mingine haigusi." Loo, ulivyonitazama! Ulinitazama mpaka nikavua kofia yangu mwenyewe na kuitundika, na sikuwa hata na nguzo ya kupanda siku hiyo.

Baadaye ndipo nilielewa kwa nini kofia. Shirika kubwa kama hili, lenye mihuri na magari na ofisi ya juu kabisa huko Khartoum, halikuwa na kufuli hata moja la kufungia swichi fundi akiwa juu. Tuliomba kufuli, tukaletewa kalenda. Tuliomba glavu, likaja boksi zima, zote za mkono wa kushoto. Taban, fundi mwenzangu, alizigeuza nje ndani akavaa mkono wa kulia, akashindwa kushika hata koleo. Ulicheka siku hiyo mpaka ukakaa chini. Basi kofia ndiyo ilikuwa kufuli letu, na tangu amani isainiwe hakuna mtu wa kikosi chako aliyechomwa na umeme. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa sababu najua unataka kujua, hata kama utajifanya hutaki.

Jumatatu ile, Mudir alituondoa mimi na Taban kwako. Mudir mpya, yule meneja wa tai uliyesema shingo yake itakauka. Akatutuma Amarat, kwenye hoteli, kwa sababu chumba cha mgeni fulani kilikuwa na joto. Mtaa mzima wa Mauna una waya unaotaka kuanguka, lakini mgeni anatoka jasho! Ukaenda Mauna peke yako, na wewe ndiye uliyetukataza kwenda peke yetu. Mchana tukaambiwa umebebwa na boda boda hadi hospitali, unatetemeka. Ulikuwa umefanya nini kwenye laini, umefika wapi, hakuna aliyejua.

Tukakuzika Alhamisi. Watu walijaa. Mama Keji, mke wako, alikuwa na nguvu kuliko sisi sote, ndiye aliyekuwa akitubembeleza. Matanga yalikaliwa kwa taa za mafuta, kwa sababu nyumba yako wewe mwenyewe iko kwenye laini ya Mauna, na laini ya Mauna ilikuwa imezimwa na kofia yako. Nilisikia mzee mmoja akiuliza, huyu si alikuwa mtu wa kahraba, fundi wa umeme? Nikaenda kuongeza mafuta kwenye taa.

Ijumaa Mudir akasema washa. Nikasema siwezi, kuna kofia. Akasema, "Kofia ya nani?" Nikasema ya Mzee Wani. Mzee, uso wake ungeuona! Akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema marehemu hapandi nguzo, kwa hiyo hakuna mtu juu, kwa hiyo washa. Na kusema kweli, maneno yake yalikuwa na mantiki, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini Taban alikuja akasimama upande wangu, na tukamwambia kwamba siku mkono wa mtu mwingine utakapotoa kofia moja, hakuna hata mmoja wetu atakayeamini kofia yake tena akiwa juu. Akatupa mpaka Jumatatu. Ama taa, ama tupeleke barua za kuacha kazi. Nina watoto wawili, unawajua. Taban ndiyo kwanza kaoa.

Na pale getini, usiseme! Watu wa Mauna wamekuja na masufuria wanayapiga. Mbele yao Mama Poni, yule wa soda baridi na maji ya barafu, na mdomo wake. Alituita wavivu, akatuita wezi, akasema tunauza umeme wao kwa mahoteli ya Amarat. Akaniambia mimi binafsi nirudi Kenya nilikotoka. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa hapa. Akasema basi nirudi tumboni. Ningecheka kama ungekuwepo.

Jumamosi mimi na Taban tukatundika kofia zetu kando ya yako, tukachukua ngazi tukafuata laini kwa miguu, nguzo baada ya nguzo, kuanzia stesheni, tukiangalia juu mpaka shingo zikauma. Nilikuwa nakulaani moyoni, Mzee, nakuambia ukweli. Nilisema huyu mtu alisahau tu kofia yake kwa sababu ya homa, na sisi tunapoteza kazi kwa ajili ya kofia iliyosahauliwa.

Tukafika nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, nguzo ile iliyopinda. Waya wako ulikuwa chini. Uliukata kutoka juu, ukaushusha ili uunganishe upya, ukaufunga ncha kwa kamba kwenye ua wa jirani usimkwaze mtu, na hapo homa ikakushika. Na kipande hicho kilikuwa cha upande unaotoka stesheni. Yaani ningewasha Ijumaa kama nilivyoamrishwa, umeme ungekuja mpaka kwenye ule ua.

Na juu ya waya, Mzee, nguo. Shuka mbili, kaptula za watoto, gauni la kanisani, zimeanikwa kwa vibanio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto mdogo amesimama chini anavuta shuka achezee. Nikapiga kelele, mwenye nguo akatoka na beseni jingine kiunoni. Unadhani nani? Mama Poni! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Waya haina moto, si nyinyi wenyewe mnajua?" Wiki nzima alikuwa anaanika, kisha anakuja getini kupiga sufuria tuwashe.

Taban alinivuta kando. Akaniuliza, Yoanes, Mzee hakukwambia kitu hospitalini? Hata neno moja?

Hapa ndipo barua hii inaponishinda. Nimeanza maneno mengine yote ili nisifike hapa.

Nilikuja kukuona Jumanne jioni. Ulikuwa huwezi kusema tena. Ulishika mkono wangu ukauweka juu ya kichwa chako. Nikasema, "Pole Mzee, kichwa kinauma?" Ukatikisa kichwa kukataa. Ukauchukua mkono tena, ukauweka pale pale, ukaubonyeza kwa nguvu, macho yako yananitazama kama siku ile ya cheti. Na mimi, fundi kamili, mimi mwenye Kiswahili kilichonyooka, nikamwita nesi. Nikamwambia kichwa kinamuuma sana. Akaleta kitambaa cha maji akakufunika nacho kichwani. Ukaachia mkono wangu. Ukageukia ukutani.

Ulikuwa unaniambia kofia. Bwana Mungu, ulikuwa unaniambia kofia! Ulikuwa unakufa na bado unafikiria waya, na mimi nakuwekea kitambaa. Nilikaa juu ya ngazi pale Mauna, katikati ya nguo za Mama Poni, nikalia mbele ya watu, na Mama Poni akaacha maneno yake akaniletea maji. Hakunidai kitu.

Najua dawa ya malaria ilikuwa imeshachelewa, na kuelewa kwangu kusingekuponya. Najua. Lakini ungelala ukijua nimekusikia. Hilo nilikunyima.

Waya tuliunganisha siku hiyo hiyo. Jumatatu tukarudi stesheni, Taban akatoa kofia yake, mimi nikatoa yangu. Yako ikabaki. Mudir akaja, ameshasikia habari za nguo na mtoto, na safari hii hakusema washa. Alisimama mbali, mikono nyuma, akaniuliza taratibu, "Sasa hiyo nani anaitoa?"

Nilifikiria sana, Mzee. Nikajiambia, uliuchukua mkono wangu mimi, hukuchukua wa Taban wala wa nesi, ukauweka mahali kofia inapokaa. Mara mbili. Kama hiyo si kunikabidhi, basi sijui kukabidhi ni nini. Nikaitoa kwa mkono ule ule wa kulia. Kama nilikosea, tutagombana tukionana, na utanishinda kama kawaida yako. Nikawasha. Kofia nimempelekea Mama Keji. Aliinusa, akacheka kidogo, akasema inahitaji kufuliwa lakini hataifua.

Mama Poni alikuja jana. Analalamika umeme hauna nguvu, friji inaunguruma tu, na anauliza sasa ataanika wapi.

Nimechoka, na nimekukosa mpaka nina hasira. Lala salama, Mzee wangu. Na ahadi yangu ni hii moja tu: mtu wa kikosi hiki akilazwa, kabla sijamuuliza anaumwa wapi, nitamuuliza kofia yake iko wapi, na nitakaa pale kitandani mpaka nielewe jibu.

Mwanafunzi wako,
Yoanes