Magadi Kwenye Majiko Mawili

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafunga virago, maana hapa Kibosho naitwa mchawi kwenye kihamba cha mume wangu, shamba la ukoo tunaloishi, eti namnyima Valerian chumvi ili afe nibaki na migomba na kahawa yake, na anayesema hivyo ni wifi yangu Lukresia, ambaye akija kutoka Sanya Juu hata sufuria haoshi. Mume wangu moyo wake unapiga ovyo, mara mbio, mara unaruka, na presha iko juu, daktari akampa dawa ya presha na dawa ya kuzuia damu isigande akasema asiache hata siku moja, chumvi apunguze, pombe aache, la sivyo atapata kiharusi, basi mimi chumvi nikaacha kabisa, kiburu changu cha ndizi na maharage natia magadi kidogo tu ya kulainisha kama mama zetu walivyotufundisha, lakini Valerian akasema chakula cha mgonjwa hakimshibishi, sasa anakula kwa mama yake, anayetia chumvi na magadi bila kupima, hapo hapo kihambani, na akitoka hapo anapitia mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wazee wenzake. Juzi alipimwa presha mashine ikasoma hivi, wakarudia ikasoma vingine kabisa, akacheka, "Gladness, hata mashine yenu haijui, dawa za nini?" na tangu hapo vidonge viko kabatini. Nikimlalamikia mama mkwe ananijibu, "Huyo nilimlea mimi kabla wewe hujamjua." Mshauri, nimechoka kuwa askari wa sufuria, nirudi kwetu Marangu wamuue wenyewe?

Gladness wa Kibosho

Marahaba, Gladness, na pole. Wifi wa namna hiyo ninaye na mimi. Lakini wewe nawe! Unapigana na chumvi huku magadi umeyashika mkononi? Magadi na chumvi ni mtu na ndugu yake, vyote vinapandisha presha. Wewe na mama mkwe mnamharibia mtu mmoja kwa majiko mawili, halafu mnagombania nani anampenda zaidi. Loweka maharage tangu jioni, yataiva bila magadi.

Mashine haikudanganya. Moyo usio na mpangilio huifanya isome tofauti kila mara, ndiyo maana hupimwa akiwa ametulia, mara tatu, wachukue wastani. Na hizo dawa alizoacha asizianze tena mwenyewe kwa kukisia, aende kwa daktari wiki hii hii. Mbege nayo aache, hiyo ya "kidogo tu" naijua.

Marangu usiende kwanza. Sikuambii uvumilie, upuuzi huo sisemi. Nakuambia umchukue mama mkwe mwende naye kliniki, na Lukresia pia kama ana uchungu na kaka yake. Mkifika, wewe nyamaza. Aseme daktari, yeye hana kihamba cha kurithi.

Valerian akikataa baada ya hapo, akatae kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mama yake. Mdomo huo ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea ghafla, hata kama vitarudi sawa, mbio hospitali, msisubiri kikao cha ukoo. Maana kiharusi kikimwangusha hataweza kusema alikuwa anakula jiko la nani. Lukresia atapanda gari arudi Sanya Juu, mama mkwe mgongo wake umeshachoka, na wa kumgeuza kitandani utakuwa wewe, huku bado wanakuita mchawi.