Goti Langu na Mkeka wa Agnes

Jumanne, 5 Julai 1994
Nimerudi Mkunya kutoka Masasi nimekasirika. Nilikwenda hospitali kutafuta sindano ya goti, nimepewa mazoezi! Kijana mmoja, Yunusi, amelikunja na kulinyoosha goti langu la kulia mpaka likalia kama bawaba. Si baridi yabisi, kasema, ni gegedu, ile kinga laini kati ya mifupa, imelika. Haioti tena, lakini misuli ya paja ikipata nguvu itasaidia kubeba mzigo. Nikamwambia mimi nimefundisha shule maisha yangu yote nikiwa nimesimama, sasa ni zamu yangu ya kukaa. Akanijibu kwa adabu: "Mama, kukaa ndiko kunakokumaliza."
Kutwa nzima limeniuma — hilo jibu, si goti.

Alhamisi, 14 Julai
Kaka Marko amekuja na uamuzi wake. Mjukuu wangu Agnes anatoka unyagoni Septemba. Katika ukoo wetu, bibi mzaa mama ndiye anayekaa na mwali mkekani, kisha anainuka naye mbele ya watu. Kaka anasema sitaweza, akae mdogo wangu Dominika. "Bibi wa mwali hakai kitini, Mama Julia. Wala hanyanyuliwi kama gunia la korosho."
Dominika kainamisha kichwa, lakini tabasamu nimeliona. Thubutu! Agnes ni mtoto wa Julia wangu, mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa. Nimemwomba kaka asubiri. Kakubali shingo upande.
Mazoezi nimeanza leo. Julia kakata mguu wa jinzi ya mtumba, kautia mchanga, kanifunga kifundoni. Nainua, nashusha. Majirani wanachungulia.

Jumapili, 7 Agosti
Aibu! Zoezi la kiti ni hivi: unakaa, unasimama bila kushika kitu, unakaa tena. Alasiri kaja Hamidu wa duka jipya la dawa, na vidonge vyake — siku hizi kila mwenye kibanda anauza dawa. Nikaona nisipoteze muda, nikaendelea huku tunaongea. Nikasimama, naye akasimama. Nikakaa, akakaa. Niliposimama tena akachukua mfuko wake, akaniaga, uso umemshuka. Kumbe alidhani namfukuza! Julia kamkimbilia hadi barabarani kumweleza. Tumecheka mpaka machozi.
Yunusi alisema maumivu kidogo ruksa, yakilala mpaka kesho yake nipunguze. Jana nilizidisha. Leo nimepunguza, sikuacha.

Jumatano, 24 Agosti
Nimeanguka. Nilijaribu kushuka mkekani bila kushika kiti, goti likagoma katikati. Julia kalia, kasema basi, Mama, tumwachie mama mdogo. Nami nimelia. Naogopa. Nautaka mkeka ule kuliko kitu chochote mwaka huu.
Jioni nikafunga mchanga wangu. Nainua, nashusha. Dominika alikuwa uani, ananitazama tu. Halafu kaja kukaa karibu yangu, akaanza kunihesabia.

Jumamosi, 10 Septemba
Asubuhi. Leo Agnes anatoka. Ngoma zinasikika hadi huku. Kaka Marko kasema nimwonyeshe hapa nyumbani kwanza, ndipo aamue nani akae na mwali.
Nimetandika mkeka chumbani. Kiti nimekisukuma hadi mlangoni, mkono usikifikie. Nimeshuka polepole, kama Yunusi alivyonifundisha, sikushika kitu. Naandika nikiwa hapa hapa chini, miguu nimeinyoosha. Kushuka nimeweza. Kuinuka bado.
Kaka kapiga hodi. Anauliza kama aingie na mtu wa kunishika. Mtu wa kunishika!
Dominika kaja mlangoni, kakamata kiti. Moyo umenishuka — nimedhani ananiletea. Kumbe anakitoa nje.
"Kaa wewe, kaka," namsikia anamwambia. "Dada anakuja."
Naweka kalamu. Haya, goti.