Ni-ni-nipe Nafasi

Chumba cha juu ya saluni,
Mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Ninini wa watu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Baridi ya huko imepungua au bado unavaa soksi mbili mbili? Na mgongo je? Maana hizo kazi za kupanga makatoni ghalani nazijua, mtu anainama kijana anainuka mzee. Sisi huku wazima. Mimi tu ndiye roho haijatulia. Juzi nimemsuka mteja mistari kumi na mmoja upande mmoja na tisa upande wa pili, akaniuliza kama nina msiba.

Mama yupo, magoti yale yale, maneno yale yale. Anasema umekonda kwenye picha, na picha yenyewe ni ya miaka sita iliyopita.

Najua utashangaa barua ndefu hivi wakati simu ipo. Lakini mimi na wewe mambo mazito tumeyaandika tangu utotoni, ulipokuwa ukinipenyezea vikaratasi chini ya mlango wa jikoni kwa sababu ulimi umegoma. Hata leo ukinipigia unasema "haya" na "sawa", mengine yote unayatuma kwa maandishi. Basi nami nimeshika kalamu, nikimaliza nitazipiga picha kurasa nikutumie leo hii kwa simu.

Kwanza nikuchekeshe kabla sijakuumiza. Huku hujaondoka! Kinyozi wa mlango wa pili, tumetenganishwa na ubao tu, anafungulia hip hop tangu asubuhi mpaka anapofunga, na kila kijana anayeshika maiki lazima akwame, arudierudie silabi kama ulivyofanya wewe kwenye wimbo wako. Ndilo jina lake sasa, kukwama. Utasikia fulani anakwama vizuri, fulani anakwama kama gari bovu. Kuna binti mmoja, mkali kweli kweli, anakwama mara nne katika ubeti mmoja na watu wanapiga mayowe. Hata tangazo la sabuni linakwama, jamani! Miaka kumi na saba, na hao wanaokuiga wengi wao ulipokuwa unarekodi walikuwa hawajaota meno. Kinyozi anasema hip hop ya huku ina enzi mbili, kabla ya Ninini na baada ya Ninini. Kila akisema hivyo namkwaruza mteja kichwa kwa chanuo.

Maana mimi nilikuwepo. Chumba kile cha kurekodia, magodoro ukutani, mimi nimeegemea mlango usifunguke kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa. Wewe ukiimba, maneno siku zote yaliteleza, ila siku ile ulipofika kwenye "nipe nafasi" ulimi ukagoma. Ni-ni-ni-ni. Ukafumba macho, ukapiga paja kwa ngumi kama ulivyozoea nyumbani, mpaka neno likatoka. Fundi mitambo alitaka kufuta, lakini muda wetu ulikuwa umekwisha. Ikabaki hivyo, watu wakaipenda hivyo, wakakupa na jina.

Halafu yule mtangazaji akaja nyumbani na kinasa sauti chake. Akakuuliza ile ni-ni-ni ulikusudia nini. Ukakwama. Nikamwona anaanza kutabasamu, nikaona haya, nikadakia mimi. Nikamwambia ni mtindo wake huyo, kaubuni mwenyewe, akitaka anaacha. Wewe ukaitikia kwa kichwa. Siku mbili hukunipa hata kikaratasi. Neno nililisema mimi, likakufunga wewe, ukawa jukwaani unaigiza kigugumizi chako mwenyewe na ukishuka unakificha. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, na naona aibu kwamba nimengoja mpaka yanikute.

Yamenikuta kwa Kidoti wangu. Ulimwacha anatambaa, sasa ana miaka tisa, na kile kidoti chake kiko pale pale juu ya mdomo. Tangu mwaka jana anakwama. Si kukwama kwa akina kinyozi, mdogo wangu. Ni kukwama kwako. Na huyo mtoto kila akitaka kusema jambo lake lazima aanze na "ni". Anasimama darasani aseme "ninaomba kwenda nje", inatoka ni-ni-ni, na darasa zima linammalizia: "pe nafasi!" Wanapiga na meza. Mwalimu anadhani yeye ndiye anayeanzisha wimbo makusudi. Mara mbili ametolewa nje. Mara moja ruhusa ilichelewa, akarudi nyumbani sweta amelifunga kiunoni, hataki kuguswa.

Ijumaa hii wana mtihani wa kusoma kwa sauti. Tumeambiwa akileta mambo ya mjomba wake atapata sifuri na darasa atarudia. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nikamweleza vizuri tu kwamba hiki ni kigugumizi, kipo kwenye ukoo, mjomba wake anacho. Si mtu mbaya yule mama. Alicheka kwa upole, akafungua simu yake, akanisikilizisha. Loo! Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya miaka ile, nyembamba, inajiamini: akitaka anaacha.

Baba Kidoti anasema niache presha, mtoto atakua, itapita. Isipopita je? Wewe imekupita? Na akiamua kunyamaza kabisa je? Jana nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, nikaona kikaratasi kinaingia chini ya mlango. Kimeandikwa kwa penseli: Ninaomba chai. Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa chini pale pale sakafuni, vitunguu vikaungua.

Najua ninachokuomba ni kikubwa. Ukisema ukweli, wapo watakaosema kumbe Ninini hakubuni kitu, alikuwa mgonjwa tu. Waseme. Mimi niliyeegemea mlango nitawaambia ulibuni, kwa sababu ungeweza kunyamaza na hukunyamaza. Nirekodie maneno machache ya kumpelekea mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa. Kwa sauti yako, si kwa maandishi, maana kwa maandishi hakuna anayekwama. Usirudie rudie ili itoke safi. Ya kwanza itakayotoka, tuma.

La pili, mpigie mtoto. Leo asubuhi namchana nywele, kaniuliza swali, na limemchukua muda mpaka likaisha. "Mama, mjomba akitaka anaacha. Mi-mi-mimi mbona nikitaka haiachi?" Anadhani wewe unaweza. Anadhani ni yeye peke yake aliyeharibika. Neno langu hilo, mdogo wangu, nimelisikia kwa mwalimu mkuu na sasa nimelisikia kwa mwanangu. Nilishika chanuo, nikajifanya natafuta njia ya katikati.

Mama anakusalimu sana, na baba Kidoti, na shangazi yetu fundi viatu, ambaye bado anauliza lini utamletea soli za huko. Mpe wifi salamu zangu, mwambie asikuruhusu kunyanyua makatoni mawili kwa pamoja. Mungu akulinde na baridi, akulindie mgongo na mikono, na ulimi wako aubariki kama ulivyo.

Jumatano saa kumi alasiri Kidoti atakuwa amerudi. Simu itakuwa mkononi mwake, si mwangu, na safari hii sitadakia. Ukikwama, kwama. Usikate tu.

Akupendaye tangu vikaratasi vya jikoni,
Dada yako, mwenye mdomo mwepesi.