Cleophace Mutabazi Hakuianika Michoro Ile

Mwaka umekatika, mume wangu Cleophace, Baba Winston, tangu asubuhi ile ya Julai ulipotutoka hapa Kayanga, ukiwa na miaka sitini na saba. Watoto walitaka tuandike kwamba ulikuwa mpole, mchapakazi na mpenda watu. Yote ni kweli. Lakini mimi mkeo Joviana nimeomba niandike kwa mkono wangu, kwa sababu kuna sifa mbaya uliyozikwa nayo, na haikuwa yako.

Nianze na kazi. Miaka thelathini na moja uliwapiga watu picha za pasipoti, za kipaimara na za harusi katika studio yako karibu na stendi. Wazee uliwaambia "shikamoo, inua kidevu kidogo" kwa pumzi moja. Mtoto akilia, ulimsubiri mpaka anyamaze.

Ila picha ulizozipenda hazikuwa na mteja. Kiangazi, mwezi usipokuwepo, ulipanda kilimani Kiruruma na kamera, miguu yake mitatu, blanketi na chupa ya chai. Uliiacha kamera wazi dakika arobaini, nyota zikajichora mistari. Taa moja tu ya bodaboda ilitosha kukuharibia. Ndiyo maana uliununia msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wategaji wanapowasha mataa yao makubwa, ingawa senene wenyewe ulimaliza bakuli peke yako.

Na ile michoro. Babu yako Ndyamukama alimbebea masanduku Mjerumani mmoja aliyepita Karagwe akichora mimea, akapewa karatasi kumi na mbili. Kila moja ilikuwa na mmea mmoja: mzizi, jani, ua, na mbegu iliyopasuliwa pembeni. Zilikuwa zimepita miaka mia, na rangi zake nyekundu zilikuwa bado mbichi. Ulizitoa sandukuni mara moja kwa mwaka, ukafunga mapazia, ukatuonyesha, ukarudisha.

Mji mzima unajua zilivyopauka. Ulisema mwenyewe: "Nilizianika juani, nikasahau." Rafiki yako Placidius aliigeuza hadithi ya kila baraza, na hata kwenye matanga yako aliirudia: "Waitu, jamani, fundi wa mwanga kaunguzwa na mwanga!" Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Haikuwa hivyo. Juni ile, miaka sita kabla hujatutoka, ulikwenda Nyakatuntu siku tatu kwa ajili ya nyota zako. Nilifungua sanduku nikakuta unyevu wa masika umeingia, karatasi zinanuka ukungu. Mimi ni mtu wa kahawa. Kwetu kitu kikiwa kibichi unakitandaza mkekani, unakigeuza mchana, jioni unakiingiza ndani. Nikaitandaza michoro yako kando ya buni siku zote tatu, nikaigeuza vizuri kabisa, nikijiona mke mwema.

Uliporudi, ua jekundu lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Uliokota karatasi moja moja. Siku ya tano ulichukua daftari, ukaniambia, "Mama Winston, mimea hii wewe unaijua tangu kwa mama yako. Twende ukanionyeshe, tuandike rangi zake kabla hatujazisahau."

Tulitembea misimu mitano, kutoka Kiruruma mpaka Nyakatuntu, mimi nikiinua jani, wewe ukiandika. Tulipata mimea tisa kati ya kumi na miwili. Ukichoka ulijifanya unafunga kamba za viatu, nami nilijifanya sioni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na niliipata kwa kosa langu.

Kosa ukalichukua wewe. Alipokuja mgeni kutoka chuo fulani kuitazama michoro, akauliza nani aliyefanya haya, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukanitangulia: "Ni mimi." Alipoondoka nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Mimi watanicheka wiki moja. Wewe watakucheka kila ukipita sokoni." Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa, na kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Tena hawakukucheka wiki moja tu. Walikucheka mpaka kaburini. Nisamehe, Baba Winston.

Wiki iliyopita niliwaambia watoto. Winston alitoka nje, akarudi baada ya muda na macho mekundu. Benitha aliuliza tu, "Mama, miaka yote hiyo?" Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kayanga mnaosoma hapa: mume wangu hakuwa mzembe. Mtu wa kazi ile hasahau karatasi juani siku tatu, na mngejiuliza kidogo mngelijua hilo. Aliyeianika ni mimi. Jumamosi nitakuwa sokoni kama kawaida, upande wa maharage. Anayetaka kucheka anikute hapo.

Unakumbukwa nami mkeo Joviana; wanao Winston na Benitha; mkweo Elpidius; wajukuu zako watatu; na Placidius, ambaye amesoma haya kabla hayajachapwa, akaomba jina lake liwemo.

Siku zote tutakukumbuka, jinsi ulivyokuwa kweli.