Nyenje Niliyemficha Binti Yangu

Jumatano. Jua kali, mawingu yamekwenda zao Sericho bila hata kuaga. Goti langu la kushoto limenuna, na mimi nimenuna nalo.

Leo sina utani mwingi. Usizoee.

Kaltuma, binti yangu wa mwisho, anafundisha sayansi Kulamawe. Likizo hii alikuja nyumbani kwa sababu ya mdudu. Nyenje, yule mpiga kelele wa kwenye migunga, anayeimba siku chache tu baada ya mvua halafu kimya mwaka mzima. Wako wa aina nyingi. Huyu wa kwetu hukata sauti mara tatu kisha huivuta ndefu, na ana doa jeusi kwenye kila bawa. Kaltuma alitaka picha na sauti yake, wataalamu wamwambie ni nani hasa.

Mti wake naujua. Ni mgunga uliopinda kando ya laga, huo mto wetu wa mchanga. Mimi nikamtuma upande mwingine, barabara ya Oldonyiro.

Siku tatu.

Marehemu baba alinifundisha kuchunga hivyo. Mbuzi akipotea, alinituma kusiko na mbuzi, nijifunze kusoma nyayo mwenyewe. Nikaona nami nimfundishe mwalimu. Jioni anarudi na miiba kwenye buibui, ananiuliza, "Baba, una hakika ni huko?"

"Mwenye digrii ni wewe, mama," namjibu, nacheka mpaka meno yangu mawili yanaonekana.

Ukweli ni huu: kila siku aliyokosa, alilala nyumbani siku moja zaidi.

Siku ya nne nikampeleka. Mgunga kimya. Maganda matupu tu, yamepasuka mgongoni, yameng'ang'ania gome. Mbuzi hata akipotea utamkuta mahali. Nyenje si mbuzi, mzee mimi.

Kaltuma akabandua ganda moja, akalitia kwenye kisanduku cha kiberiti.

"Ulijua tangu mwanzo, Baba."

Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza. Asubuhi akapanda gari.

Leo mchana nimesikia mmoja, kachelewa kama mimi. Nimekimbia na simu, goti likilia, nikarekodi. Picha sikupata.

Nimekaa kivulini kuisikiliza rekodi yenyewe. Nyenje yuko mbali huko nyuma, mara tatu, kisha ndefu. Mbele yake ni mzee anahema, halafu, Mola anisamehe, anacheka peke yake.

Nimtumie hivyo hivyo, na kicheko changu ndani?