Walinitaka kwa Mbio, Sasa Wananinenepesha

Mpendwa Shangazi Ardith,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na naomba pia usinitaje jina, kwa sababu mji wenyewe unaujua, ukipiga chafya kwenye duka la pembejeo, kanisani wanakuombea upone, na mimi tayari naombewa vya kutosha. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo chetu hapa, nacheza mpira, huu wetu wa kubeba kwapani na kugongana vichwa, na tatizo langu ni kwamba mimi ni mdogo, simaanishi umri, namaanisha mwili, futi tano na inchi sita nikiwa nimevaa njumu, na nilipoondoka nyumbani nilikuwa na ratili mia na arobaini na nane, tena baada ya kula.

Shuleni kwetu udogo haukuwa shida, kijiji chetu kina watoto wachache mno hata timu yetu ilikuwa ya watu sita badala ya kumi na mmoja, kwa hiyo uwanja ulikuwa mtupu, na kazi yangu ilikuwa moja tu, wapinzani wakiupiga mpira juu kuturudishia, mimi naudaka na kukimbia, na sijui niseme vipi bila kujisifu, walikuwa wakiambulia kivuli changu. Kocha Stoddard alikuja kunitazama akiwa amekaa ndani ya pikapu yake kwa sababu ya upepo, na nilipofika mstari wa mwisho mara ya tatu akashuka, akamfuata baba yangu, akasema, "Mzee, sijaona kitu kama hiki tangu sungura aingie kwenye harusi ya dada yangu. Watu mia mbili, hakuna aliyemgusa." Baba akasema, "Lakini ni mdogo." Kocha akasema, "Udogo ni ugonjwa unaotibika," na hapo ndipo tungemuuliza dawa yake ni nini, ila tulikuwa na furaha, hatukuuliza.

Wewe unajua kwamba kina Stoddard wote kazi yao ni kunenepesha ng'ombe, zizi lao ndilo lile ambalo upepo ukigeuka tunafunga madirisha, basi wiki ya kwanza kocha akanipeleka kwa kaka yake kule zizini, kaka mtu akanishika mbavu, akanizunguka, akanitazama mpaka meno, akasema, "Mifupa anayo. Nipe mpaka mtama uvunwe." Tangu siku hiyo nakula, Shangazi, nakula mayai na uji wa shayiri kabla jua halijatoka, nakula siagi ya karanga kwa kijiko kama dawa, nakula nyama ya kukaanga iliyomwagiwa mchuzi mweupe mpaka nikifumba macho naona weupe, na nimewekewa mlinzi, naye ni Delfino tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa mstari wa mbele, ratili mia tatu na kumi, ameagizwa asiondoke mezani mpaka sahani yangu iwe tupu.

"Kula, Kiroboto," ananiambia, maana ndilo jina walilonipa.

"Nimeshiba, Delfi."

"Kushiba ni mawazo tu. Mimi mara ya mwisho kushiba nilikuwa darasa la nne."

Kanisani nao wakapata habari, Bi. Nadine Oltmanns, yule mjane wa nyumba ya kijani, akasimama kwenye maombi ya Jumatano akasema kuna mtoto wa watu chuoni anatakiwa kuongezeka, kina mama wakainama, wakaomba, "Bwana, umwongezee mtumishi wako," na Bwana akaanza kuniongezea kupitia pai za njugu za pikani. Kila Jumamosi asubuhi napimwa kule mnadani kwenye mizani ya ndama, kwa sababu kaka yake kocha anasema ya chuoni inadanganya, wazee wanakuja na vikombe vyao vya kahawa, dalali anataja uzito wangu kwa kipaza sauti, watu wanarusha kofia, halafu namba inaandikwa kwenye ubao wa nje wa duka la pembejeo, chini ya bei ya ndama. Sasa ni mia na sabini na tisa. Nimeota shingo. Zamani sikuwa nayo.

Na ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Jumamosi iliyopita niliudaka mpira vizuri, nikaona nafasi, nafasi pana hata trekta lingepita, nikaiambia miguu twende, miguu ikaniuliza, sisi na nani? Nilikamatwa kutoka nyuma, Shangazi, na hakunikamata mkimbiaji, alinikamata mtu wao wa mstari wa mbele, mkubwa kama Delfino, akanilalia, halafu akaninyanyua kwa adabu akaniambia, "Pole, kaka. Hata mimi nimeshangaa." Kibaya zaidi ni kwamba jukwaa letu lilishangilia, nilimsikia mzee mmoja anasema, "Umeona alivyoanguka? Zamani alikuwa anapeperuka. Sasa anaanguka kama mtu!" Kocha naye akanishika bega akasema, "Umbo sasa unalo, mwanangu. Shida yako ni kasi."

Jumatatu akaleta kijana mwingine, anaitwa Rigo, anasoma hapa hapa, kocha alimwona anafukuzwa na mbwa nyuma ya bweni na mbwa akakata tamaa. Ni mfupi kuliko mimi, mwembamba kama fito. Kocha akatuita wote akasema, "Huyu hakamatiki! Jumamosi kila mmoja ataupokea mpira kwa zamu yake, na atakayenifurahisha ndiye nitakayemwombea ufadhili." Mimi nilikuja bila ufadhili, kwa ahadi, ngano ya baba imekufa kwa ukame miaka miwili mfululizo, nisipoupata baada ya Krismasi sirudi, narudi kuendesha trekta la mtu mwingine. Na jana nimepita karibu na uwanja nikamwona kaka yake kocha amemshika Rigo mbavu.

Delfino anasema niende kwa kocha nimwambie nataka kurudi nilivyokuwa. Lakini nitamwambiaje mtu aliyeniokota? Na nitamwambia nini Bi. Nadine, ambaye aliniambia kwamba tangu mumewe afariki alikuwa anakula mkate mkavu amesimama jikoni, na kwamba tangu nianze kuja kula kwake kila Jumatano amewasha tena jiko, siku ile nilipokwangua sahani alitoa machozi, nikaongeza kipande cha tatu ili asiendelee kulia. Halafu na Rigo, nimwambie? Nikimwambia namsaidia mpinzani wangu, nisipomwambia, Krismasi itatukuta wanene wawili. Au ninyamaze tu, nile, nitumaini miguu itazoea mzigo? Nishauri, Shangazi, nimechoka, na ninaandika haya tumbo likiwa limegusa meza.

Ni mimi,
Niliyekuwa Mwepesi

*

Uliyekuwa Mwepesi,

Umeficha jina, nakushukuru kwa kujaribu. Kaunti hii ina kijana mmoja tu ambaye uzito wake unaandikwa chini ya bei ya ndama. Hata hivyo nitajifanya sikujui, na wewe ukinikuta tena mbele ya posta usinipungie mkono kwa mikono miwili kama ulivyofanya jana.

Pole, mwanangu. Na hiyo pole uimeze haraka, kwa sababu kinachofuata hakina sukari.

Tangu Agosti mdomo wako unafunguka kwa uma tu. Mtu anakushika mbavu, unanyamaza. Anakutazama meno, unanyamaza! Mimi mume wangu aliponitazama meno mara moja nilimfungia nje, na ilikuwa Januari. Unapandishwa kwenye mizani ya mifugo mbele ya wazee wenye kahawa, na wewe unasimama wima ili wasome vizuri. Anayesema "bado kidogo" kila anapoulizwa kama ameshiba asimlaumu anayepakua. Pai ya Jumatano iliyopita, ile yenye ukingo uliosukwa, ilitoka jikoni kwangu, na siombi radhi, ilikuwa pai nzuri. Lakini ungesema hutaki, ningeila mwenyewe.

Sasa kuhusu kocha. Mtu mbaya si yeye. Ametoka katika watu wanaojua kazi moja, na wanaijua sana. Huku kwetu tukipenda kitu tunakilisha, na kikinona tunakipenda zaidi. Kocha alikuona, akakupenda, akafanya kile ambacho baba yake alimfundisha. Alichosahau ni kwamba alikuchukua kwa sababu hukukamatika, kisha akatumia msimu mzima na mtama wa kaka yake kukufanya ukamatike. Sasa anashangaa kasi imekwenda wapi. Imo ndani ya shingo ya kijana, Stoddard, angeambiwa. Lakini nani amwambie? Wewe umeshiba.

Utamwambia wewe, kesho, kabla ya mazoezi, na hutamwambia kwa machozi wala kwa maneno ya vitabuni, kwa sababu kwa hayo ameziba masikio. Kocha Stoddard ana farasi jike mwekundu, yule anayemkimbiza kwenye mashindano ya kuzunguka mapipa. Kila mtu hapa anamjua, ana kiuno kuliko sisi wote. Nenda ukamkute kocha karibu naye, kwa sababu asubuhi hakosekani pale. Muulize, "Kocha, huyu unamlisha nini?" Ataanza kukueleza kwa furaha: nyasi kavu, kipimo kidogo cha shayiri, basi. Muulize tena, "Na mtu akija kumlisha chakula cha zizini kwa kaka yako?" Atakuambia atakachomfanya mtu huyo, na sehemu kubwa ya maneno yake gazeti hili haliwezi kuyachapa. Hapo ndipo unyamaze. Wewe ni bingwa wa kunyamaza, basi kwa mara moja kunyamaza kwako kufanye kazi. Simama tu mbele yake na hiyo shingo yako. Stoddard ni mkaidi, lakini macho anayo.

Akishaelewa, mwombe muda hadi mazoezi ya majira ya kuchipua, na mwombe jambo hilo la ufadhili lisubiri mpaka hapo. Sikufichi, Jumamosi Rigo atakushinda. Kilichochukua miezi kuingia hakitoki kwa siku mbili, na ukijaribu kukitoa kwa njaa utazirai katikati ya uwanja, na wazee watasema umeanguka vizuri. Kubali kushindwa hiyo Jumamosi. Anayeshindwa akiwa anajua sababu hajapotea.

Rigo umwambie kila kitu, leo, kabla hajatazamwa meno. Najua unaona unamnoa atakayekukata. Lakini fikiri kidogo: ukinyamaza, naye akalishwa mpaka asitamanike, ukaja kumshinda, utakuwa umeshinda nini? Utakuwa umemshinda mtu aliyebeba ndoo mbili za mchuzi mweupe. Shindana naye mkiwa wote wepesi. Akiwa bado anakupita, basi amekupita, utapeana naye mkono na utakwenda kutafuta chuo kingine chenye kocha aliyezaliwa karibu na kuku. Na mkibaki wawili wenye akili, itakuwa vigumu zaidi kuwazungusha kama ndama mnadani.

Jumamosi asubuhi usipande mizani. Dalali akikuita, mwambie kwa adabu, "Bwana, hapo panapimwa vinavyouzwa." Watacheka. Acha wacheke. Ubao wa dukani utabaki mtupu wiki moja, kisha watapata kitu kingine cha kuandika. Kabla yako waliandika boga la mchungaji.

Bi. Nadine ndiye nimemfikiria kuliko wote, na sehemu hiyo ya barua yako ndiyo iliyonifanya nisikuchape maneno zaidi. Mtoto, yule mama hakuwa akihitaji unenepe. Alihitaji kiti cha pili mezani kiwe na mtu. Kwa hiyo usiache kwenda. Jumatano nenda, kaa, kula kipande kimoja, kisifu, weka uma chini, useme, "Bi. Nadine, mimi nimeshiba kweli, lakini nimekuja na mtu." Halafu mwite Delfino aingie. Hujaona? Una mama anayetafuta wa kumpikia, na una rafiki ambaye hajashiba tangu darasa la nne, na msimu mzima umekuwa umekaa katikati yao unazuia njia kwa tumbo lako. Toka hapo katikati.

Neno la mwisho, na hili si la kwako peke yako, lisomwe pia na kina Stoddard, wanaolipokea gazeti hili kila Alhamisi hata kama wanasema hawasomi ukurasa huu. Nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa. Nimeona ng'ombe wengi wakiingia zizini wembamba na kutunzwa kwa mapenzi makubwa, wakisifiwa kwa kipaza sauti, watu wakiwarushia kofia. Sijaona hata mmoja akirudi kutuhadithia. Katika kaunti hii kitu kikinoneshwa haraka kina mlango mmoja tu wa kutokea, na nje ya mlango huo kuna lori linanguruma.

Wewe toka kwa miguu yako. Polepole kwanza, ukishapungua, kwa mbio.

Shangazi Ardith