Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu: nimedanganya. Mjomba aliniuliza, "Sasa je?" Nikasema eh, sauti imefunguka kidogo. Haijafunguka. Spika ya kushoto bado ni kama mtu anayeimba ndani ya kabati.

Na mimi ndiye niliyeanza! Wiki tatu nalalamika kwamba kompyuta inapiga muziki upande mmoja dhaifu. Mjomba anarekodi kwaya, lakini ananiamini mimi kuliko mashine zake. Ndiye aliyenibandika jina la Sikio. Jumamosi anarekodi, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Kiti chake mwenyewe.

Maelezo ya mtandaoni yote ni Kiingereza. Nasoma, natafsiri, yeye anabonyeza. Leo tumezima programu zote zinazojificha nyuma, tukaweka muziki upakiwe wote kwenye memori kabla ya kupigwa, ili diski itulie. Neno nisilolijua nalibuni. Mungu anisamehe.

Jumanne, 4 Machi

Kwa uongo wangu wa jana, Mjomba kamwita fundi kompyuta, kaja na memori mpya na diski ya kisasa isiyozunguka. Mpole, anaongea na skrubu zake. Tumehamishia huko nyimbo zenye sauti kamili, zile zilizobanwa ili zichukue nafasi ndogo tukazifuta. Akasema angalau diski ya zamani imeacha kukoroma kama baba mkwe wake. Kisha, taratibu tu: muziki ukipigwa bila kukwama, memori zaidi haiwezi kunenepesha upande mmoja. Mjomba akamkatiza, jana Sikio kasikia tofauti. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wakapiga wimbo. Kushoto — kabati.

"Bado," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo.

Jumatano, 5 Machi

Mama kaniita mara tatu kutoka jikoni, anasema siku hizi nimeota pembe. Sikumsikia. Feni ilikuwa inavuma. Ndiyo, feni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kutoka shule, nyumba tupu. Nikavaa hedifoni. Kushoto dhaifu. Nikazigeuza, ya kulia ikaja kushoto. Dhaifu kushoto. Nikageuza tena. Na tena. Mara tisa.

Si spika. Si memori. Si diski.

Nikasugua vidole karibu na sikio la kulia — kama karatasi. La kushoto — vidole vinasuguana, naviona kwenye kioo, na hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilitaka kusema asubuhi kwenye chai. Mjomba akawahi kumpigia fundi simu. Kamwambia kaleta memori mbovu na kila mwenye kwaya atalijua hilo. Fundi hakupandisha sauti. Simu ilikuwa upande wangu wa kulia, nikamsikia vizuri sana.

"Nani aliyesikia huo ubovu?"

"Mpwa wangu. Na huyo hakosei."

Fundi akasema sawa, atakuja saa kumi na moja, aonyeshwe.

Shuleni sijaelewa somo hata moja. Naweza kusema tu kwamba sauti imepona. Rahisi! Fundi anasalimika, mimi nakaa kwenye kiti. Lakini kesho kwenye kile kiti nitaipandisha sauti ya kushoto, nitaipandisha, mpaka waimbaji walio kulia wamezwe wote. Watu arobaini wamefanya mazoezi tangu mwaka jana. Nikisema kweli, Mama atanishika kichwa na kulia, hospitali, maswali. Na Mjomba ataniitaje? Nani anamwita mtu Sikio akiwa na moja?

Saa kumi na moja kasoro. Nimeandika kwenye karatasi nyingine: Mjomba, si memori, ni mimi. Nimeichana. Nimeiandika tena. Nitampa mkononi kabla fundi hajafungua kompyuta. Au nitasubiri kesho ipite, halafu —

Mlango uko kushoto kwangu. Sijui kwa nini nimegeuka. Chini yake kuna vivuli vya miguu, jozi mbili. Viatu vya fundi navijua. Wamesimama hapo tangu lini? Nitaficha daftari hili chini ya mto, ile karatasi nitabaki nayo. Nageuza kichwa, nawapa sikio la kulia. Mjomba anabisha hodi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubisha.

"Sikio, mara ya nne hii nakuita."